UZI: Tagi haina satelaiti. Simu, airpods, funguo na begi vikipotea, anayekutafutia ni nani?

#1 Fundi_Waya

Wakuu, habari za muda huu.

Haipiti wiki humu bila mtu kuuliza "nikinunua AirTag itafanya kazi Bongo?" au "nimefunga kidude kwenye funguo lakini ramani inaonyesha nilipokuwa jana". Majibu mengi ni ya kukisia, na wauzaji wa Kariakoo nao wanaongeza chumvi. Mimi kazi yangu ni simu na nawafungia wateja hivi vitu, kwa hiyo naweka yote hapa tujadili. Mwenye hoja tofauti alete.

Kwanza hili, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Tagi haina GPS. AirTag haina, SmartTag ya Samsung haina, Chipolo haina, Tile haina. Haina laini, haina intaneti, na yenyewe haijui iko wapi. Ndani kuna redio ya Bluetooth na kibetri bapa cha CR2032, kinakaa karibu mwaka. Kila baada ya sekunde chache inatoa ishara ndogo. Akipita mtu mwenye simu ya aina inayokubaliana nayo, simu yake inadaka ile ishara, inaangalia yenyewe iko wapi, inaifunga hiyo taarifa kwa kufuli ambalo ni wewe tu mwenye tagi unayeweza kulifungua, kisha inaituma kwa intaneti yake. Mwenye simu hana habari. Apple au Google hawawezi kuisoma. Wewe ukifungua ramani unaona kidoti.

Kwa hiyo dukani usiulize "inafika kilomita ngapi?" Jiulize: kule ninakopoteza vitu vyangu, zinapita simu gani?

Apple walianza mtandao wao na iOS 13 mwaka 2019, tagi yenyewe ikaingia sokoni Aprili 2021 kwa dola 29 huko Marekani. Samsung waliwatangulia kidogo, SmartTag ya kwanza ilitoka Januari mwaka huohuo. Google walichelewa hadi Aprili 2024, wakaanzia Marekani na Kanada, na mwaka 2025 wakabadilisha jina: Find My Device ikawa Find Hub. Mitandao hii mitatu haisaidiani hata kidogo. AirTag inadakwa na vifaa vya Apple peke yake. SmartTag inadakwa na Samsung Galaxy peke yake, na hata kuisajili lazima uwe na Galaxy. Tagi ya Google inadakwa na Android yoyote kuanzia toleo la 9, Tecno, Infinix, Redmi, Samsung, zote zimo.

Kuna tagi kama Chipolo POP ambazo zinakubali Apple na Google. Ni kweli, ila unachagua mmoja siku ya kuisajili. Muuzaji akikuambia inatumia mitandao yote miwili kwa mpigo, anakuuzia maneno.

Sasa tuje kwetu. Kwa idadi Android ingeshinda kwa mbali, maana daladala nzima ya Mbagala unaweza kukuta iPhone mbili tatu, zilizobaki zote Android. Lakini kwa ninavyoona kwa wateja, haishindi hivyo. Mosi, mazoea yetu. Bluetooth imezimwa, lokesheni imezimwa, data inawashwa mtu akitaka kusoma WhatsApp kisha inazimwa bando lisiishe. Simu ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote. Wenye iPhone wengi wanaacha kila kitu wazi.

Pili, Google wenyewe wameweka breki. Mpangilio unaokuja na simu ni wa "maeneo yenye watu wengi tu", yaani tagi lazima isikiwe na simu kadhaa kabla ramani haijakuonyesha. Walifanya makusudi, ili mtu asitumie tagi kumfuatilia mwenzake anayetembea peke yake. Na kama mtu amehifadhi anwani ya nyumbani kwenye akaunti yake ya Google, simu yake haitoi taarifa ikiwa karibu na nyumba hiyo. Matokeo yake funguo zikidondoka Msimbazi utaziona mapema. Zikidondoka njia za ndani Chanika saa nne usiku, subiri pakuche.

Breki hiyo inalegezwa. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya Google, tafuta Find Hub, utaona kipengele cha kutafuta vifaa vilivyo nje ya mtandao. Toa kwenye maeneo yenye watu wengi, weka maeneo yote. Ukibadilisha wewe, mkeo, wanao na majirani wawili watatu, mtaa wenu wenyewe unaanza kuona.

Ushauri wangu kwa kifupi: una iPhone na mizunguko yako ni Posta, Masaki, Mlimani City, uwanja wa ndege, chukua AirTag. Una Galaxy, chukua SmartTag2, ile ya Oktoba 2023, Samsung wanasema betri inafika siku 500. Una Tecno au Infinix, chukua tagi ya Google na ubadilishe huo mpangilio kabla hujaanza kulalamika. Una ng'ombe Kilombero unataka uwe unawaona kwenye simu, hakuna hata moja inayokufaa. Funga kengele.

Karibuni.

#2 Kongowe Boy

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 Binti Tegeta

Kaka Fundi, asante kwa uzi. Mimi nina kile kidude cheupe cha elfu kumi na kitu, programu yake inaitwa iSearching. Ndani ya nyumba kinafanya vizuri, nikitoka chumbani kinalia. Ila funguo niliziacha kwenye bajaji, ramani inaonyesha Mwenge pale niliposhukia, na bajaji haipo Mwenge. Tatizo nini?

#4 Fundi_Waya

Dada, hicho hakina mtandao nyuma yake. Kinaongea na simu yako peke yake. Kile kidoti ni mahali simu yako ilipokiona kwa mara ya mwisho, na mara ya mwisho ni pale uliposhuka. Bajaji ikipita katikati ya iPhone mia na Android elfu, hakuna hata moja itakayokijali.

Kwa kutafuta funguo zilizojificha kwenye makochi kinatosha, siwezi kusema umetupa hela. Lakini kwa kilichotoka nje ya nyumba hakina msaada.

Jinsi ya kuvitofautisha dukani: usiangalie umbo, maana wanaiga hadi ule mng'ao wa AirTag. Fungua Find My kwenye iPhone, au Find Hub kwenye Android, bonyeza kuongeza kifaa. Kikisajiliwa humo, kimo kwenye mtandao. Kikikulazimisha kupakua programu yake yenye jina la ajabu, na si SmartTag wala Tile, ni kile chako. Zipo tagi za bei rahisi kutoka China zenye kibali halali cha Find My, na ramani yake ni ileile ya AirTag. Kinachokosekana ni ule mshale.

#5 Kongowe Boy

Mshale upi tena?

#6 Fundi_Waya

AirTag ina chipu nyingine ya redio inaitwa UWB. Ukifika ndani ya mita kadhaa, iPhone 11 na kuendelea (toa SE na 16e) inakuonyesha mshale na umbali: mita tatu, kushoto, mita moja. SmartTag2 nayo inayo, lakini uwe na Galaxy ya daraja la juu yenye UWB. Kwa A15 utaishia kusikiliza mlio.

#7 Mzee wa Posta

Mnasumbuka bure vijana. Mimi pikipiki zangu zina traka ya GPS yenye laini, natuma meseji inanijibu kwa ramani. Hainihitaji kuomba msaada wa simu za wapita njia. Hizo tagi ni urembo wa watoto wa mjini.

#8 Fundi_Waya

Shikamoo mzee wangu. Kwa pikipiki uko sahihi kabisa wala sikupingi, chombo cha moto kinataka GPS yenye laini. Inapata satelaiti yenyewe na inatuma yenyewe. Lakini inakula umeme wa betri ya pikipiki, inataka laini yenye salio, na huwezi kuifunga kwenye funguo wala kwenye kiboksi cha airpods.

Halafu angalizo kwa wengine: kile kitraka kidogo cheusi chenye sumaku, GF-07, wauzaji wanakiita GPS. Hakina GPS. Kinakisia mahali kwa minara ya simu, na mnara mmoja unaweza kuhudumia eneo kubwa sana. Atakwambia pikipiki iko Kimara na wewe utazunguka Kimara nzima.

#9 Mzee wa Posta

Marahaba. Hapo kwenye kile cha sumaku umesema kweli, nilishauziwa.

#10 Chale_wa_Ilala

Mkuu mimi sijapoteza kitu mtaani. Nimepoteza airpods moja, sikio la kushoto, NDANI YA NYUMBA. Sio za Apple, ni hizi za kawaida. Nimegeuza godoro, nimegeuza kochi, nimemgeuza na mtoto. Kuna namna?

#11 Fundi_Waya

Hahaha, mwache mtoto. Namna ipo ila uwahi. Sikio likiwa nje ya kiboksi betri yake ni ya saa chache tu, na nyingi zikikosa simu kwa dakika kadhaa zinajizima. Likishakata moto, hakuna programu duniani itakayolipata, unabaki na ufagio na tochi.

Kama bado lina chaji: lile la kulia lirudishe kwenye kiboksi, funga, lisikuchanganye. Washa Bluetooth, tembea chumba hadi chumba polepole. Simu ikijiunga yenyewe, ujue uko ndani ya mita kumi hivi. Kuta za tofali zinapunguza. Ikishajiunga, zima feni na TV, sauti weka mwisho, piga mlio mkali mwembamba kama filimbi. Usipige singeli, besi haitoki kwenye kaspika kale. Usiku wa manane ndio mzuri.

Usiposikia, hamia kupima nguvu ya ishara. Pakua nRF Connect, ni ya bure, wenyewe ni Nordic, kampuni ya Norway inayotengeneza chipu za Bluetooth. Inaorodhesha vifaa vya karibu na kila kimoja namba yake ya dBm, namba hasi. Ukiona -90 kiko mbali au kimefunikwa, -60 umekaribia, -40 uko juu yake. Namba inarukaruka, usikimbilie, simama sekunde kumi kila sehemu.

Na hapa kuna kaujanja ambako wengi hawakajui. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi ya Bluetooth. Shika simu ibane kifuani, zunguka taratibu ukiwa umesimama palepale. Upande ambao namba inashuka kabisa kuelekea -90, kitu kiko mgongoni kwako, kwa sababu mwili wako umekaa katikati. Geuka, nenda huko, rudia. Kwa mizunguko michache unakuwa umebakiza kona moja ya chumba.

Ila airpods za bei ya chini sana nyingine hazionekani kwenye programu hiyo kwa sababu zinatumia Bluetooth ya zamani. Kwa hizo, kujiunga ndio kipimo chako.

#12 Chale_wa_Ilala

Ngoja nikajaribu. Narudi.

#13 Binti Tegeta

Na za Apple zenyewe?

#14 Fundi_Waya

Inategemea toleo dada. Zile za kwanza na za pili zinakuonyesha mahali zilipoachana na simu yako, basi. AirPods Pro, za tatu na Max ziliingizwa kwenye mtandao wa Find My mwaka 2021, kwa hiyo simu za watu wengine zinasaidia. Kwa za zamani, zikiwa ndani ya kiboksi kilichofungwa huwezi kuziliza. AirPods Pro 2 za mwaka 2022 ndizo zilizoleta kiboksi chenye spika yake na ile UWB, kiboksi kinalia chenyewe hata kikiwa chini ya kiti cha gari. Feki zake za mtaani zinaonyesha hadi picha ya kiboksi kwenye skrini, lakini ukiibiwa ndio utajua.

#15 Pwani254

Nawasalimu kutoka Mombasa ndugu zangu. Naongeza moja. Mimi tagi niliiweka ndani ya begi la kompyuta, nikalisahau kwa matatu ya Likoni. Ramani ilikuwa inaruka: Likoni, kisha kimya, kisha Posta, kisha kimya. Mwanzo nilidhani imeharibika, kumbe ni kwamba inaonekana tu pale abiria mwenye iPhone anapanda au gari linasimama karibu naye. Sikuifukuza. Nikangoja stejini ambapo kila mzunguko inarudi, makanga akanipa begi langu. Kwa hivyo kama kitu kiko kwa gari la abiria, usikimbizane na kidoti. Soma njia yake ukakingoje mbele.

#16 Fundi_Waya

Umesema jambo la maana sana. Tena tuangalie ule muda ulioandikwa chini ya kidoti. "Dakika 2 zilizopita" na "saa 5 zilizopita" ni habari mbili tofauti, na watu wanaangalia kidoti tu.

#17 Kipepeo Mweusi

Yote haya ni vitu vidogo. Mimi juzi nimekwapuliwa simu Ubungo, jamaa wa bodaboda, Android. Nifanye nini? Laini nimeshafunga, watu wananiambia nimekosea, eti ningeacha laini wazi ili simu iwe na intaneti nione inapoelekea.

#18 Fundi_Waya

Pole sana mkuu. Hao wanaokulaumu wapuuze. Ni kweli ukifunga laini simu inakosa data, na ramani ya kawaida inakufa. Lakini kwenye laini hiyo kuna pesa zako za simu, mikopo ya haraka, na namba za uthibitisho za benki. Mtu akishika laini iliyo wazi dakika kumi anaweza kukuachia deni. Mimi nasema laini kwanza, ramani baadaye. Na kama simu ilikuwa imesajiliwa Find Hub na kile kipengele cha nje ya mtandao kimewashwa, Bluetooth yake bado inaweza kudakwa na simu nyingine hata bila laini, ilimradi haijazimwa. Ikizimwa kabisa, Android nyingi zinapotea kwenye ramani. Pixel 8 na za baada yake ni kati ya zinazoendelea kuonekana kwa muda. iPhone nyingi kuanzia 11 zinaendelea kutoa ishara hata zikizimwa, kama mwenyewe hakukizima kipengele hicho.

Kwa wewe sasa hivi: azima simu au kompyuta, ingia akaunti yako ya Google kwenye Find Hub, ifunge na uache ujumbe na namba ya ndugu. Usifute kila kitu mapema, ukishafuta kuiona tena kwenye ramani ni bahati. Kama ilikuwa imeibiwa ikiwa wazi, badilisha nywila ya Google na ya benki sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Kisha polisi, upate RB (namba ya taarifa yako kituoni) au ripoti ya upotevu, siku hizi ile ripoti unaijaza hata mtandaoni kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Nenda nayo kwa mtandao wako wa simu na namba ya IMEI (utambulisho wa simu yenyewe) waifungie. IMEI iko kwenye boksi. Mnaokumbuka Juni 2016 TCRA walipozima simu feki, ni ileile *#06# tuliyokuwa tunapiga. Ambao simu zenu bado ziko mikononi, pigeni leo mziandike pembeni, sio ndani ya simu hiyohiyo.

Na kwa wengine wa Android 10 kwenda juu, kuna kitu kilikuja mwishoni mwa 2024, ulinzi dhidi ya wizi: simu ikihisi imenyakuliwa ghafla na mtu akakimbia nayo, inajifunga skrini. Iko sehemu hiyohiyo ya Google kwenye mipangilio. Kwa wanaotembea Ubungo na Buguruni na simu mkononi, wekeni.

#19 Chale_wa_Ilala

NIMELIPATA!! Lilikuwa ndani ya kiatu cha mvua cha shemeji yenu, nyuma ya mlango. Kale kaujanja ka kifuani kamenipeleka mlangoni moja kwa moja. Nimeshamwomba mtoto msamaha.

#20 Binti Tegeta

😂😂 mpe na soda.

#21 Kipepeo Mweusi

Asante Fundi. Nimeingia, imeonekana mara moja jana jioni, Manzese. Kiduara kimefunika nyumba kama nne tano. Nina washkaji wawili, tunaenda leo usiku kugonga moja moja.

#22 Fundi_Waya

Usiende. Nasema kwa herufi kubwa: USIENDE.

Kile kiduara kinasema "mahali fulani humu ndani", hakisemi nyumba gani. Na kile kidoti cha katikati ni mahali ilipokuwa simu iliyoidaka, yako inaweza kuwa mita kadhaa kando, ghorofa ya juu, au kwa fundi wa jirani aliyeletewa aifungue. Ukigonga mlango usio wenyewe usiku ukapaza sauti ya mwizi, mnajua mtaani neno hilo linaishia wapi. Anaweza kufa mtu asiyehusika, au wewe.

Hata polisi wenye silaha wameingia mkenge kwa ramani hii. Januari 2022 huko Denver, Marekani, walivamia nyumba ya bibi wa miaka 77 kwa sababu Find My ilionyesha simu iliyoibiwa iko hapo. Haikuwepo. Kiduara kilikuwa kimegusa nyumba kadhaa. Mwaka 2024 baraza la mahakama likaamua bibi alipwe dola milioni 3.76.

Peleka ramani kituoni pamoja na RB, mwombe mpelelezi. Ukienda na kidoti kipya chenye muda wa dakika chache unasikilizwa zaidi kuliko kidoti cha jana.

#23 Mzee wa Posta

Msikilize huyo kijana. Simu inanunuliwa.

#24 Kipepeo Mweusi

Sawa wakuu. Nitaenda kituoni asubuhi.

#25 Mama Nuru

Mimi ya kwangu ni iPhone, iliibiwa wiki iliyopita. Jana nimepata meseji kwenye laini mpya: "iPhone yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo". Kuna kiungo. Nibonyeze?

#26 Fundi_Waya

Mama, usibonyeze, huo ni mtego. Simu yako imefungwa na akaunti yako, kufuli hilo Apple wanalo tangu iOS 7 ya 2013, na mwizi hawezi kuiuza kama simu nzima mpaka apate nywila yako. Kiungo kinakupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa Apple, ukiandika nywila umemkabidhi. Namba yako mpya huenda waliiona kwenye skrini ya simu, ulipoacha ujumbe wa kupotea.

Wakishindwa hapo wataanza vitisho, au watajifanya wasamaria wema wakuombe "iondoe simu kwenye akaunti ili tukurudishie". Ukiiondoa, kufuli limetoka. Iache humo hata ikionekana Hong Kong. Na sitanii kuhusu Hong Kong: mwaka 2025 polisi wa London walieleza kwamba mtu mmoja aliifuatilia iPhone yake mpaka ghala karibu na uwanja wa Heathrow, ndani ya sanduku lenye simu karibu elfu moja zilizokuwa zinapelekwa huko, na uchunguzi ukaanzia hapo.

#27 Mama Nuru

Mungu akubariki mwanangu. Kidole kilikuwa kinawasha kweli.

#28 Msafiri_Deira

Salaam kutoka Dubai. Sisi wa huku tunaorudi Dar na Zanzibar na mabegi matatu matatu, tagi ni lazima. Mizigo ikibaki njiani, mtu wa kaunta anakwambia "tunafuatilia", na wewe unaiona kwenye simu iko palepale ulikounganishia ndege. Kuanzia iOS 18.2, Desemba 2024, unaweza kutengeneza kiungo cha mahali tagi ilipo ukawapa shirika la ndege, wao wanaona ramani bila kuwa na akaunti yako. Kinakufa chenyewe baada ya siku saba au ukishalipata begi. Mashirika kadhaa makubwa yanakipokea, ulizia lako kabla. Na msiogope habari za "tagi zimepigwa marufuku kwenye ndege". Hiyo ilitokana na Lufthansa Oktoba 2022, na ndani ya siku chache walirudi wakaruhusu.

#29 Fundi_Waya

Safi sana. Niongeze: tagi iweke katikati ya nguo. Ndani ya sanduku la chuma ishara inabanwa.

#30 Jogoo la Shamba

Samahani naomba niulize kiutu uzima. Nikiiweka kwenye gari la wife chini ya kiti bila yeye kujua, atajua?

#31 Binti Tegeta

Hawa ndio wanatuharibia uzi.

#32 Fundi_Waya

Atajua, na ajue. AirTag ikikaa mbali na mwenyewe inaanza kulia, zamani ilikuwa siku tatu, tangu Juni 2021 ni kati ya saa 8 na 24. Tangu Mei 2024 Apple na Google wana utaratibu wa pamoja: iPhone ya iOS 17.5 na Android kuanzia toleo la 6 zinampa mtu onyo kwamba kuna tagi isiyo yake inasafiri naye, zinamwonyesha ramani ya ilikomfuata, na anaweza kuiliza aipate. Akiigusisha nyuma ya simu yenye NFC (redio ya kusoma kwa kugusisha) anapata namba yake ya usajili na tarakimu za mwisho za simu ya mwenyewe. Kwa hiyo utakuwa umemwachia na ushahidi.

Kama gari mnatumia wote, muwekee waziwazi mshirikiane. Tangu iOS 17 AirTag moja inaweza kutumiwa na watu hadi sita, na hapo hampati maonyo.

Kina dada, onyo hilo likitokea kwenye simu zenu msilipuuze. Msirudi moja kwa moja nyumbani, nendeni mahali penye watu, itafuteni, mkiipata toeni betri lakini msiitupe.

#33 Jogoo la Shamba

Nilikuwa nauliza tu wakuu, kwa niaba ya rafiki.

#34 Pwani254

Rafiki tunamsalimia sana 😂

#35 Kongowe Boy

Fundi, ya mwisho kutoka kwangu. AirTag yangu ilisema betri imepungua, nimenunua CR2032 mpya kabisa, nimeweka, haitoi mlio wowote. Nimejaribu ya pili kutoka pakiti hiyohiyo, kimya. Imekufa?

#36 Fundi_Waya

Haijafa. Soma pakiti, kuna betri zinapakwa kitu kichungu ili mtoto akiiweka mdomoni aiteme. Wazo zuri kwa watoto, lakini ule mpako unaweza kuzuia betri kugusana sawasawa na AirTag, na Apple wenyewe wametahadharisha hivyo. Nunua CR2032 isiyo na mpako huo. Weka upande wenye alama ya kujumlisha juu, bonyeza mpaka usikie mlio, kisha ndio ufunike. Hizo mbili zilizobaki zitumie kwenye mizani ya jikoni au rimoti ya gari, na ziweke mbali na watoto, chungu au si chungu.